Nyuki wa Mjerumani na Porojo Nyingine za Vita ya 1914: Kweli au Uongo?

Umezisikia, bila shaka. Kama si kwa babu, ni kwa mwalimu wa historia. Kama si kwa mwalimu, ni barazani jioni, pale ambapo kila mzee ana jamaa yake aliyepigana na Mjerumani, au aliyempigania Mjerumani, inategemea na siku. Vita Kuu ya Kwanza iliisaga Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka minne, na masimulizi yake hayajaisha mpaka leo. Nimechukua yale yanayorudiwa sana, nikayapima kwa kumbukumbu zilizopo. Mengine yameanguka chali. Mengine, ya wazee wasiosoma kitabu hata kimoja, yamesimama imara.

"Ile ilikuwa vita ya Wazungu, wakipigana kwao Ulaya."

UONGO. Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 8 manowari yake, Astraea, ilikuwa tayari mbele ya Dar es Salaam ikiupiga mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani. Katikati ya mwezi huohuo Wajerumani walikwisha kuiteka Taveta, upande wa Kenya. Tarehe 20 Septemba manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaizamisha Pegasus ya Waingereza palepale Unguja. Ugomvi ulikuwa wa Wazungu, hilo halina ubishi. Lakini waliofyatua bunduki, waliobeba risasi zake, waliolima chakula kikaliwa na wengine, wengi wao walikuwa Waafrika na Wahindi ambao hakuna aliyewauliza kama wana ugomvi na mtu.

"Waingereza walishindwa Tanga kwa sababu Wajerumani waliwafundisha nyuki kuwauma."

NYUKI, KWELI. MAFUNZO, UONGO MTUPU.

Twende taratibu, maana hii ndiyo porojo tamu kuliko zote. Mwanzoni mwa Novemba 1914 meli kutoka India zilileta Tanga askari wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken. Wajerumani walikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Ungepewa hesabu hiyo tu, ungemwekea dau nani? Siku tatu baadaye wale 8,000 walikuwa wanarudi melini mbio, nyuma wameacha bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi zaidi ya nusu milioni. Waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea upande wao walizidi 800.

Aibu ya kiasi hicho hutafuta wa kubebeshwa, na nyuki hawana wakili. Ni kweli kwamba risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini na wenyeji, na nyuki wakatoka na hasira zao zote. Magazeti ya Uingereza yakaandika kuwa ni hila ya Mjerumani. Wengine wakaongeza chumvi kwamba kulikuwa na nyaya zilizotegwa njiani ili kuifungua mizinga hiyo. Ila nyuki hawakumbagua mtu. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba bunduki zake za rashasha nazo zilinyamazishwa na nyuki haohao, tena wakati mambo yamepamba moto. Mrina asali yeyote wa Handeni au Sikonge atamcheka anayedai kumfundisha nyuki kutofautisha sare za majeshi.

Sababu za kweli zinachosha kuzisikiliza, ndiyo maana hazisimuliwi barazani. Nahodha Caulfeild wa manowari Fox alitangulia Tanga tarehe 2 Novemba kuwaarifu wakuu wa mji, kwa adabu kabisa, kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamevunjwa. Akauliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Akajibiwa kwamba imetegwa. Haikuwa imetegwa, lakini muda ulipotea kuyatafuta mabomu hayo, na Lettow akautumia kuleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Wanajeshi waliokuwa wamekaa baharini wiki kadhaa, wamebanana na kutapika, wakateremshwa Ras Kasone pasipo mtu kwenda kwanza kuichunguza njia ya mjini. Vikosi vingi havikuwahi kufanya mazoezi pamoja. Wapo waliopigana kiume: Waingereza wa North Lancashire, Wakashmiri na Wagurkha walifika hadi mitaani. Lakini reli moja na bunduki chache za rashasha, zile wazee walizoziita bombomu, zikiwekwa mahali pazuri, zilitosha kulirudisha jeshi lililowazidi watu mara nane. Mashine ilishinda wingi. Ishike hiyo, kwa sababu baada ya Tanga mambo yaligeuka, na mashine ndizo zilizoshindwa.

"Meli ya Liemba ilizamishwa na adui, kisha ikafufuliwa."

NUSU KWELI. Ilizamishwa na wenyewe. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Ziwa Tanganyika, ikaungwa upya Kigoma. Julai 1916, adui alipokaribia, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene, wakaizamisha taratibu wakitumaini kuirudia. Hawakuirudia. Waingereza waliiibua 1924, na mwaka 1927 ikaingia tena kazini ikiitwa Liemba. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake.

"Wengi waliokufa waliuawa na risasi na mizinga."

ULAYA, KWELI. KWETU, UONGO. Kule Ufaransa na Ubelgiji mizinga ndiyo iliyokuwa muuaji mkuu. Hata gesi ya sumu, iliyoanza kutumiwa kwa kishindo Ypres mwezi Aprili 1915 na kuogopwa kuliko silaha yoyote, iliua sehemu ndogo tu ya waliokufa. Kiwanda kilitengeneza makombora, reli ikayafikisha karibu na handaki, na kazi ya kuua ikafanyika kwa ratiba.

Huku kwetu ratiba hiyo iliharibiwa na mbung'o. Farasi waliokuja na jeshi la Jenerali Smuts kutoka Afrika Kusini mwaka 1916 walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana. Ng'ombe na nyumbu vivyo hivyo. Malori yalikuwepo, lakini yalifika mahali yakazama matopeni masika ilipoanza. Reli nazo zilikuwa mbili tu za maana katika koloni zima la Mjerumani, ya Tanga na ya kati, na vita haikukaa kando ya reli. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Sasa fanya hesabu nami, si ngumu. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Anakula unga karibu kilo moja kwa siku. Akiwa amebeba unga, siku ya 25 ameumaliza peke yake. Na ni lazima arudi. Kwa hiyo akitembea siku 12 au 13 kutoka ghalani, hakuna hata kibaba cha kumkabidhi askari aliyeko mbele. Ukitaka kwenda mbali zaidi, utafute wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi. Ndiyo maana Waingereza, kwa vita nzima, walihitaji watu karibu milioni moja: kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, hata Afrika Magharibi, na katika nchi yenyewe iliyokuwa inapiganiwa. Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari wakifuata mshahara. Kufikia 1917 hiari ilikuwa imekwisha. Kenya serikali iliamuru msako wa vijana wilaya kwa wilaya, John Ainsworth akakabidhiwa kazi ya kuusimamia. Wabelgiji nao, walioiteka Tabora Septemba 1916, walitoka Kongo hadi pale mizigo yao ikiwa juu ya vichwa vya Wakongo. Na Wajerumani walifanya hivyohivyo, mara nyingi bila hata kuandika majina.

Matokeo yake yako kwenye hesabu rasmi. Upande wa Waingereza walikufa wanajeshi kama 11,000. Wapagazi, 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Kwa kila mwenye bunduki aliyekufa, walikufa wanane au tisa wasio na bunduki. Risasi ziliwaua wachache sana miongoni mwao. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Kambi za wapagazi hao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Kwa hiyo anayekuambia mpagazi alikuwa salama kwa sababu alikaa nyuma ya mapigano, mwambie nyuma ndiko kulikokuwa na kifo.

"Ugali usioiva unaua mtu."

KWELI, na bibi yako apewe heshima yake. Hii sikuitegemea. Wapagazi wengi hawakuwa watu wa mahindi: aliyetoka Uganda alikulia matoke, mwingine mtama, mwingine viazi. Ghafla wote wakapewa posho ya unga wa mahindi, uliosagwa ovyo na mara nyingi wa siku nyingi. Mtu ametembea kutwa na mzigo kichwani, kafika kambini usiku, kuni zimelowa, njaa inauma. Atasonga kwa dakika ngapi? Akaula nusu mbichi. Utumbo ukachubuka, kuhara kukaanza, na mtu anayehara huku anatembea kilomita 20 kwa siku hana muda mrefu. Madaktari wa jeshi waliling'amua jambo hilo baada ya vifo vingi, na tiba waliyoagiza haikutoka maabara: wapishi maalumu, masufuria makubwa, unga uchemke mpaka uive. Bibi angewaambia hayo bure, tena mwaka 1914.

"Dawa chungu ndiyo inayoponya."

KWA HII MOJA, KWELI. Wajerumani walipozingirwa na meli za adui, kwinini haikuingia tena kutoka nje. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, wakaitengeneza kutoka kwenye magamba ya miti ya mkwinini iliyopandwa nchini. Usambara ilipotekwa, majeshi ya Lettow yakawa yanachemsha magamba yenyewe na kunywa maji yake, machungu ajabu, na kinywaji hicho wakakipa jina la kamanda wao kwa utani. Kiliwaweka hai. Usichukue hili kama ruhusa ya kunywa kila kichungu unachouziwa stendi.

"Lettow-Vorbeck hakushindwa kamwe, na askari wake walimpenda wakamfuata hadi mwisho."

NUSU KWELI, na nusu ya uongo ndiyo iliyonona. Hakukamatwa, hilo ni kweli. Alikuwa fundi wa kukwepa. Mahiwa, kusini karibu na Lindi, Oktoba 1917, alipigana siku nne na kuwaangusha Waingereza na Wanigeria zaidi ya 2,000. Lakini yeye naye alipoteza kama watu 500 kati ya 1,500 aliokuwa nao, na hakuwa na pa kupata wengine. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, koloni lote likiwa mikononi mwa adui zake. Kama huko ndiko kutoshindwa, basi tuwekeane maana upya.

Na mapenzi ya askari? Vita ilipokuwa juu kabisa alikuwa na askari Waafrika kama 11,000. Waliosalimisha silaha naye walizidi 1,100 kidogo tu. Wengine walikufa, walitekwa, na wengi walitoroka. Waliobaki walikuwa na sababu zao zenye akili. Askari alikuwa mtu wa mshahara na cheo, na mshahara wenyewe ulikuwa deni ambalo angelilipwa tu akiwepo. Tena alikuwa na familia palepale safarini. Wanawake walitembea na msafara ule miaka yote, wakibeba, wakipika, wakijifungua njiani na kuendelea na safari. Anayesema ilikuwa vita ya wanaume peke yao hajauona msafara huo. Kutoroka katikati ya Msumbiji, na mke na mtoto, kupita vijiji ambavyo jana uliviibia chakula, si jambo dogo. Simulizi ya askari mwaminifu ilipewa nguvu Ujerumani baada ya vita, wakati watu walionyang'anywa makoloni walipotaka kuionyesha dunia kwamba kumbe walipendwa.

"Wapiganapo tembo, nyasi huumia."

KWELI, tena hapa wahenga walikuwa wapole. Nenda Ugogo. Reli ya kati ilipita katikati yake, kwa hiyo kila jeshi lilipita. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waingereza wakaja, wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua ikakataa. Ugogo ina historia ndefu ya ukame na watu wake walikuwa na njia zao za kuuvuka: kuuza ng'ombe, kwenda kwa jamaa, kufungua akiba ya ghala. Safari hii ghala lilikuwa tupu, zizi tupu, na wenye nguvu ya kulima wako Rufiji na mizigo kichwani. Njaa hiyo, iliyoanza 1917 na kuendelea hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba iliua watu 30,000, mmoja kati ya kila watano. Hakuna kombora hata moja lililoua watu wengi hivyo katika nchi hii.

Wala halikuwa jambo jipya. Kwenye vita ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, tunapenda kusimulia juu ya maji yaliyoshindwa na rashasha, na kweli pale Mahenge rashasha zilifyeka watu. Lakini waliokufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala makusudi, ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Wajerumani wenyewe walikubali vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefika hadi 300,000.

"Homa kubwa ya 1918 ilitoka Hispania."

UONGO. Hispania haikuwa vitani, kwa hiyo magazeti yake yaliandika habari za ugonjwa bila kuzuiwa, na nchi ikabandikwa jina kwa kosa la kusema ukweli. Wala haikutokana na harufu ya maiti au gesi, kama wengine wanavyosema. Ni virusi vya mafua. Vita ilichofanya ni kuvipa usafiri. Vilishuka bandarini, Mombasa ikiwemo, vikapanda treni, kisha vikatembea na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao, wamedhoofu, mpaka vijiji ambavyo havikuwahi kumwona mwanajeshi. Kusini mwa Sahara inakadiriwa walikufa watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili, kwa miezi michache.

"Vita iliisha tarehe 11 Novemba 1918."

KWA AFRIKA MASHARIKI, UONGO. Siku hiyo Lettow alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, anasonga mbele. Tarehe 13 watu wake waliingia Kasama. Habari za mapatano zikamfikia kwenye Mto Chambeshi, na alisalimisha silaha rasmi Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba.

"Wote walilipwa haki zao vita ilipoisha."

UONGO, na huu ndio unaonikera. Upande wa Mjerumani, askari walirudi mikono mitupu. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuja kuwalipa wazee waliobaki hai mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow mwenyewe. Ile simulizi kwamba wasiokuwa na cheti walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani waonyeshe gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea, naiweka kwenye rafu moja na nyuki: tamu, lakini usiitolee kiapo. Malipo yenyewe yalikuwepo.

Kwa wapagazi wa Mwingereza hakukuwa hata na ufagio. Mishahara ya maelfu waliokufa haikudaiwa, kwa sababu ndugu zao hawakujua wakadai wapi wala kwa karatasi gani. Oscar Watkins, aliyekiongoza kikosi cha wapagazi, alitaka fedha hizo ziwafikie Waafrika. London ilikataa, na zikabaki serikalini. Majina nayo yalipotea, maana wengi walijulikana kwa namba iliyopigwa kwenye kibati walichokivaa. Basi kama kwenu, kwenye sanduku la marehemu babu, kuna kibati cha namna hiyo chenye namba, usikipeleke kwa wanunua vyuma chakavu. Kipeleke makumbusho ya taifa, na mwambie mtunzaji jina la aliyekivaa.